Ulimi unaonaje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mdogo wangu haoni tangu azaliwe, sasa nimesikia watu wanasema kuna kifaa unakiweka ulimini alafu unaona. Mi sijaamini, ulimi si wa kuonja tu? Na asiyesikia je, naye ana cha kwake?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hujadanganywa, kifaa kipo, kinaitwa BrainPort, na mwaka 2015 Marekani waliruhusu kiuzwe. Kamera inakaa kwenye miwani, picha inageuzwa kuwa vimshtuko vidogo sana vya umeme kwenye kibao kinachokaa juu ya ulimi, penye mwanga unahisi msisimko, penye giza kumetulia. Wamechagua ulimi kwa sababu una neva nyingi na umelowa muda wote, kwa hiyo umeme kidogo tu unatosha.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1969 daktari Paul Bach-y-Rita na wenzake walitangaza kiti chenye vinukta 400 vya kutetema, mtu asiyeona anakaa, kamera inatazama vitu, na picha inachorwa mgongoni kwake kwa mtetemo. Hapa ndo penye utamu wenyewe, maana kamera ikiwa imetulia tu au anaiendesha mtu mwingine, yeye alihisi mgongo unatekenywa basi, lakini akiishika mwenyewe akaigeuza huku na kule, baada ya saa kadhaa za mazoezi mgongo anausahau na anaanza kuhisi kitu kiko pale mbele yake, hata picha ikikuzwa ghafla anashtuka anarudi nyuma kama anayekwepa kitu kinachomjia. Ubongo haujali sana taarifa imeingia kwa mlango gani, unachotaka ni kujua nikigeuka hivi kinabadilika nini. Ndo maana naamini kifaa chochote ambacho mtu anakaa tu akipokea, bila kukiendesha mwenyewe, hakitamfikisha mbali.

Ila nikwambie ukweli, macho hayarudi. Vinukta mia kadhaa ni vichache mno ukilinganisha na jicho, atatambua mlango, mtu anayepita, herufi kubwa, sura ya mama yake sahau. Na mazoezi yanachosha, wengi wanaacha njiani, kwa hiyo fimbo na Braille asiviache hata siku moja.

Kwa asiyesikia, ndio, kuna bangili za mkononi, mwanasayansi David Eagleman ni mmoja wa waliozitengeneza, zinadaka sauti na kuigeuza mtetemo, sauti nyembamba inatetema sehemu moja na nzito sehemu nyingine. Hodi, king'ora, mtoto akilia, anajifunza kuvitofautisha kwenye ngozi.

Kama mnataka kuanza bila gharama, kuna programu ya simu inaitwa The vOICe, inayogeuza picha kuwa sauti, aliitengeneza mhandisi Peter Meijer, ni ya bure. Inapitia picha kutoka kushoto kwenda kulia kwa kama sekunde moja, kilicho juu kinalia kwa sauti nyembamba, kilicho chini nzito, na penye mwanga mkali inalia kwa nguvu zaidi. Mpe simu aishike mwenyewe, aanze na kitu kimoja cheupe juu ya meza nyeusi, akishakipata bila kusaidiwa ndo muongeze cha pili. Na tafuteni zile spika zisizoziba sikio, maana masikio bado anayahitaji akiwa barabarani.