Barua ya Rufaa Si Barua ya Kuomba Msaada: kwa mnaoanza kutetea waombaji wenye ulemavu

Wadogo zangu, msimu wa udahili umefika na nimezipitia rasimu zenu za rufaa. Mnajituma, nawapenda kwa hilo. Lakini karibu zote zinaanza kwa kueleza mwombaji alivyoteseka tangu utotoni na jinsi familia ilivyojinyima. Futeni. Kamati ya rufaa ya chuo ikisoma hayo itajibu kwa pole nyingi na uamuzi utabaki pale pale. Mwombaji ametimiza alama, amenyimwa nafasi, anadai nafasi yake. Aya ya kwanza iseme hivyo.

1. Jibu la simu si jibu. Hapa nitakaa, maana wiki hii nimemsikia mmoja wenu akisema, "Tunaendelea kuongea nao vizuri," na moyo ukanishtuka.

Tulikuwa na mwombaji kiziwi aliyevuka alama za kozi ya uuguzi. Kwenye fomu alitaja ulemavu wake, kama alivyoulizwa. Ofisi ya udahili ikampigia kaka yake, ikasema kwamba kwa ajili ya usalama wa wagonjwa wanamshauri binti achague kozi nyingine. Wanamshauri! Sisi tukaona mazungumzo bado yapo. Tukaomba kikao, tukapokelewa kwa heshima, tukaambiwa suala linashughulikiwa. Kikao kingine, maneno yale yale. Kila mara tulitoka na matumaini, bila karatasi hata moja. Siku tulipokata rufaa rasmi, chuo kikaleta hoja mbili: kwamba hakikuwahi kumkataa, kwa kuwa hakuna barua ya kumkataa, na kwamba, hata ikichukuliwa kuwa alikataliwa, ilikuwa siku ile ya simu, kwa hiyo muda wa rufaa umeshapita. Tuulizwe ushahidi gani tunao, tulikuwa na namba ya ofisi kwenye simu ya kaka yake, basi. Rufaa ikatupwa kabla mtu yeyote hajauliza kama kiziwi anaweza kuwa muuguzi. Binti amesomea kitu kingine na anakifanya vizuri, lakini hakuwa amekichagua.

Kwa hiyo siku ile ile mkipigiwa, andikeni barua pepe: leo, saa fulani, ofisa wenu ametueleza moja, mbili, tatu, tunaomba uamuzi wa maandishi wenye sababu. Nakala kwa msajili. Wasipojibu, ukimya wao nao una tarehe. Na muda wa rufaa uhesabuni tangu siku ya simu, hata kama mnaamini ulianza baadaye.

2. Sababu ikija, ipasueni. "Usalama" au "mazingira ya kozi" hayatoshi: ni kazi gani hasa ambayo mwombaji hawezi kuifanya, na ni nani aliyempima? Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya India ilikuwa na kesi ya mwombaji wa udaktari mwenye ulemavu wa usemi, aliyezuiwa kwa sababu asilimia ya ulemavu wake ilivuka 40. Mahakama ikasema asilimia peke yake haimwondoi mtu. Bodi ya tathmini lazima iseme kama ulemavu huo unamzuia kusoma kozi ile, na ikikataa itoe sababu. Hata mahali ambapo hukumu hiyo haina nguvu ya kisheria, swali lake linaulizika.

3. Someni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 wenyewe, msitegemee muhtasari. Ibara ya 24 inataja elimu ya juu waziwazi, na Ibara ya 2 inasema kunyima marekebisho stahiki, yaani mabadiliko anayohitaji mwenye ulemavu ili ashiriki sawa na wengine, ni ubaguzi.

4. Jueni pia kesi inayotuumiza. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikipa ushindi chuo kilichomkataa mwombaji wa uuguzi mwenye tatizo kubwa la kusikia, kwa hoja kwamba chuo hakilazimiki kubadili kiini cha kozi. Hoja hiyo mtaisikia kila mahali, hata kwa watu wasiojua ilikotoka. Dawa yake ni mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo. Huko Iowa, Marekani, chuo cha tiba ya uti wa mgongo kilidai mwanafunzi asiyeona hawezi kumaliza kwa kuwa hawezi kusoma picha za eksirei. Kumbe chuo hicho hicho kilishawahi kuwahitimisha wasioona. Kikashindwa mahakamani mwaka 2014. Kabla ya kuandika mstari mmoja, tafuteni waliotangulia.

5. Ongeeni na mwombaji, si na mzazi wala mkalimani. Akisema hataki kuendelea, mnaacha.

6. Mkishinda, faili lisifungwe barua ya udahili inapofika. Nimeona mwanafunzi asiyeona akipokewa kwa picha na hotuba, kisha akafika nusu ya muhula bila kitabu hata kimoja cha nukta nundu, na matokeo mabaya yakatumiwa kusema "tulijua hataweza". Dai orodha ya marekebisho kwa maandishi kabla masomo hayajaanza: nani anatoa nini, lini, na mwanafunzi amwendee nani kisipofika. Kisha wiki ya pili mpigieni mwanafunzi mwenyewe, au mwandikieni, mpitie orodha hiyo mstari kwa mstari.