MUULIZE AFANDE: Aliyemuua dada yangu ameonekana Mombasa. Nivuke mpaka nikamkamate?

SWALI: Shikamoo afande. Mimi ni koplo wa polisi, kanda ya kaskazini. Mwaka juzi dada yangu alikatwa panga na mumewe mbele ya binti yao wa miaka 7. Bwana yule alitoroka usiku uleule. Mtoto ninaishi naye mimi. Sasa dereva mmoja anayepeleka machungwa ya Muheza Mombasa amenitumia picha aliyoipiga soko la Kongowea. Ni yeye kabisa, amefuga ndevu, anapakua magunia, kovu lake la kidevuni linaonekana. Nilimwonyesha mtoto, akaanza kutetemeka. Jalada liko kituo kingine, na kila nikiulizia naambiwa upelelezi unaendelea. Nimepewa likizo. Wenzangu wawili wako tayari, gari lipo. Nataka nivuke Horohoro nimtie pingu kwa mkono wangu kabla hajanusa. Nikiripoti kwanza, naogopa taarifa itavuja ahame. Na mama nimwambie? Tafadhali nijibu haraka.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Barua hii sikuiacha ingoje zamu yake gazetini. Nilimpigia aliyeiandika jioni ileile, tukazungumza mpaka salio likaisha, nikaongeza tukaendelea. Leo naichapa kwa ruhusa yake, kwa sababu mtuhumiwa ameshatiwa mbaroni na kutaja soko hakumpi tena mwanya wa kukimbia. Majina nimeyaondoa, na mambo machache nimeyageuza kwa ajili ya mtoto. Naichapa kwa sababu najua yuko askari mwingine mahali fulani mwenye picha kama hiyo kwenye simu, na likizo yake imeshasainiwa.

Kwanza, hukosei kuharakisha. Mtoro anayelala chumba cha kulipia kwa siku huhama akisikia jina lake likitajwa mara moja tu. Ungekaa na picha ile wiki nzima ningekugombeza. Lakini ukishapita Horohoro ukaingia Lunga Lunga, ukoplo wako umeuacha nyuma. Kule huna mamlaka ya kumkamata mtu yeyote, na bastola uliyoisaini ghalani kwetu ni silaha isiyo na kibali kwao. Utakayelala mahabusu ni wewe, huku shemeji yako akipanda basi la Malindi. Halafu fikiria hilo tukio lenyewe: wanaume watatu wenye kuvaa kiraia wanamburuta kuli sokoni Kongowea mchana kweupe. Watu wataona mtu anatekwa. Mmoja atapiga yowe la mwizi, na wewe askari unajua yowe hilo huishia wapi.

Tuseme umefaulu, umemfikisha Tanga. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 11, 2010, yaliyoua watu zaidi ya 70, baadhi ya watuhumiwa walichukuliwa Kenya wakapelekwa Uganda bila kupitishwa mahakamani kwa utaratibu wa kurudishana wahalifu. Walilalamika Mahakama ya Katiba ya Uganda kuhusu namna walivyovushwa mpaka, na kesi ya mauaji ikasimama kwa miaka. Mwishoni iliendelea, lakini hukumu ilitoka Mei 2016. Karibu miaka sita! Wafiwa walikaa muda wote huo wakisubiri watu wabishane kuhusu safari ya gari. Sitaki mama yako azeeke akisubiri hivyo.

Njia iliyo halali ni fupi kuliko unavyodhani. Hakimu wa kwetu anatoa hati ya kukamata. Inapita makao makuu ya upelelezi na ofisi ya kwetu ya Interpol, ushirika wa polisi wa kimataifa, hadi kwa wenzetu Nairobi. Sheria ya Kenya ya kurudishana wahalifu, Sura ya 76, ina sehemu mahsusi kwa nchi jirani: hakimu wao akiiidhinisha hati yetu, polisi wao wanamkamata, anasimamishwa mahakamani kwao, kisha anakabidhiwa. Vijana wengi siku hizi wananiuliza habari za notisi nyekundu ya Interpol. Hiyo ni ya kuwatahadharisha polisi wa nchi nyingi kwamba mtu fulani anatafutwa. Wewe unajua mpaka soko anakobeba magunia, kwa hiyo njia ya majirani ndiyo ya karibu.

Kuhusu kuvuja, hofu yako ni ya kweli. Basi mwambie mtu mmoja. Picha isiende kwenye kundi la WhatsApp la kituo, wala kwa mke wa rafiki. Nenda na yule dereva hadi kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya yenye jalada, ana kwa ana. Dereva aandike maelezo kwa jina lake: siku gani, saa ngapi, sehemu gani ya soko, na simu iliyopiga picha ionekane. Askari aliyefiwa akisema "nimesikia yuko Mombasa" ataonewa huruma na kuambiwa asubiri. Maelezo ya shahidi aliyemwona yanamwezesha mpelelezi kwenda kwa hakimu asubuhi ileile. Wilayani wakikukalia kimya, panda kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa.

Na hata akihama, mtoro hahami na mama yake. Kabuga, aliyesakwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda na mahakama iliyokuwa Arusha, alijificha miaka 26. Alikamatwa Mei 16, 2020 katika nyumba ya kupanga Asnières-sur-Seine, karibu na Paris, na wapelelezi walifika mlangoni kwa kufuatilia nyendo na simu za watoto wake. Nilimuuliza koplo wetu kama shemeji yake ana mama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema bibi huyo hupokea pesa kila mwisho wa mwezi kwa simu ya jirani. Jambo zito kama hilo lilikuwa halimo jaladani! Nikamwambia akaliandikishe kesho yake, na asithubutu kwenda kumgongea bibi wa watu usiku na rafiki zake.

Umesema unataka umtie pingu kwa mkono wako. Nakuelewa. Nilipokuwa bado kijana kazini, mwenzetu wa doria aliuawa na jambazi. Mkuu wetu alituondoa kwenye msako sote tuliokuwa tukilala naye bweni moja. Nililia kwa hasira. Mimi nilipewa kuorodhesha vielelezo: shati, kofia, kiatu kimoja kilichokuwa na matope mpaka kwenye kamba. Kesi ilipofika Mahakama Kuu, wakili wa utetezi alimuuliza kila askari aliyekamata: marehemu alikuwa nani kwako? Kila mmoja akajibu kwamba hakumfahamu. Wakili akaketi. Laiti angekuwa mmoja wetu kizimbani pale, swali hilo lingechukua siku nzima.

Wewe ukikaa na mtu huyo ndani ya gari kutoka Mombasa, utamuuliza tu kwa nini alifanya vile. Nani asingeuliza? Lakini maelezo ya onyo, yale anayoyatoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa, kwa kawaida huchukuliwa ndani ya saa 4 tangu mtu awekwe chini ya ulinzi. Muda wa safari hauhesabiwi iwapo hahojiwi njiani. Ukimhoji, umeuanzisha. Atakana kila neno, itabidi iendeshwe kesi ndani ya kesi, kuamua kwanza kama maelezo yake aliyatoa kwa hiari, na atakayesimama kueleza kwa nini mtuhumiwa ana uvimbe usoni ni kaka wa marehemu.

Sasa mtoto, maana yeye ndiye aliyenikosesha usingizi baada ya simu ile. Mpwa wako ndiye shahidi aliyeona. Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ushahidi wake unaweza kubeba kesi nzima. Lakini anaishi nyumbani kwa askari, na askari huyo ni mjomba wake. Wakili atasema umemfundisha. Picha ile usimwonyeshe tena. Usimuulize habari za usiku ule, wala usimsahihishe akisema jambo ambalo unaona sivyo. Akizungumza mwenyewe, msikilize, mkumbatie, kisha mjulishe mpelelezi kwamba amezungumza. Usiongeze neno. Na siku ulipomwonyesha picha akatetemeka, iandike kama ilivyokuwa na umpe mpelelezi. Ikifichwa leo, itafichuliwa mahakamani.

Mama nilikushauri usimwambie kwanza. Mama hawezi kupokea habari kama hiyo akaimeza peke yake. Atamwambia dada yake, na dada yake ana watu wake. Siku mtuhumiwa aliposimamishwa mahakamani kule Kenya ndipo koplo alipokwenda kwa mama yake, akakaa naye chini mkekani, akamwambia mwenyewe kabla ya majirani. Alifanya vizuri.

Aliniuliza pia kama anaweza kusimama Horohoro ajionee shemeji yake akivushwa. Nilikataa. Wanaompokea waende bila jicho la mfiwa mgongoni, na mtuhumiwa asipate la kusema kwamba alitishwa mpakani.

Kinachofuata kitachukua muda. Mauaji hayana dhamana, na kesi husikilizwa Mahakama Kuu baada ya hatua za awali mahakama ya chini. Mjulishe mwendesha mashtaka mapema kwamba shahidi wake ni mtoto, na kwamba anaishi na wewe. Pia mpeleke mpwa wako kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Anaweza kuanza naye wiki hii hii, usingoje wito wa mahakama.