Data Imerudi, Wenyewe Hawamo: Maswali Yenu Kuhusu Kurejesha Metadata

Maswali mengi yaliyonifikia hapa Mwanza safari hii yanazunguka jambo moja: bekapu imerejeshwa, mistari yote ipo, lakini mfumo hautembei. Mara nyingi kilichokosekana ni metadata, yaani maelezo kuhusu data yenyewe: jedwali ni la nani, nani anaruhusiwa kulisoma, namba inayofuata ni ipi, jedwali hili limefungwa na lile kwa kanuni gani. Nenda soko la Mwaloni asubuhi uangalie magunia ya dagaa yanayosubiri lori, kila moja limeandikwa kwa maka peni herufi za mwenye mzigo. Mvua ikifuta herufi zile, dagaa ni wale wale na uzito ni ule ule, lakini hakuna kuli atakayethubutu kupakia. Wengi wenu mnatumia PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, kwa hiyo nitakaa humo zaidi.

Shikamoo kaka. Chama chetu cha akiba na mikopo hapa Kirumba kimehama kutoka seva ya ofisini kwenda klasta ya kukodi inayosimamiwa na mtoa huduma. Nilipiga bekapu kwa pg_dump, chombo cha bekapu cha PostgreSQL, nikairejesha. Wanachama wote wapo na salio zao, ila skrini ilijaa ujumbe kwamba mtumiaji "mhasibu" hayupo, na sasa mhasibu akiingia anakataliwa. Bekapu yangu ni mbovu?

Marahaba, mdogo wangu. Bekapu yako ni nzima. pg_dump huchukua hifadhidata moja tu, na watumiaji wa PostgreSQL hawakai ndani ya hifadhidata yoyote. Wanakaa juu yake, kwenye ngazi ya klasta. (Neno klasta lisikuchanganye: kwa PostgreSQL ni hifadhidata zote zilizo chini ya seva moja, hata kama mashine ni moja tu.) Faili lako lina sentensi inayosema jedwali la mikopo ni mali ya mhasibu. Halina sentensi inayomuumba huyo mhasibu.

Kama seva ya zamani bado inawaka, usiizime. Andika hivi:

pg_dumpall --globals-only > watumiaji.sql

Faili litakalotoka ni dogo, lakini limebeba hata paswedi zikiwa zimefumbwa, kwa hiyo lilinde. Lisome kabla ya kulipeleka kwenye klasta mpya. Mtoa huduma hakupi mamlaka ya juu kabisa, hivyo sentensi yoyote inayompa mtu SUPERUSER itagoma, iondoe. Na siku utakapotaka kuwatoa watumiaji kutoka huko kwa mtoa huduma, ongeza --no-role-passwords, maana jedwali la ndani linalotunza paswedi huruhusiwi kulisoma. Ukiwarejesha watu kutoka faili la namna hiyo itabidi uwapangie paswedi mpya. Waambie mapema, si Jumatatu asubuhi wakiwa na wateja mbele yao.

Kama seva ya zamani imekwisha kufa, majina bado unaweza kuyaokoa kutoka ndani ya bekapu:

pg_restore --schema-only -f skima.sql bekapu.dump
grep -E 'OWNER TO|GRANT' skima.sql

Kila jina litakalojitokeza, liumbe kwa CREATE ROLE. Hapo kuna mtego unaowakwamisha wengi. Wewe unayerejesha si msimamizi mkuu, kwa hiyo huwezi kumkabidhi mhasibu jedwali kama wewe mwenyewe si mwanachama wa kundi lake. Jiunge kwanza kwa GRANT mhasibu TO, ukifuatisha jina lako la kuingilia. Mhasibu naye lazima awe na ruhusa ya CREATE kwenye skima husika, yaani chumba cha ndani ya hifadhidata kinachobeba majedwali. Tangu toleo la 15 la mwaka 2022, skima ya public haiko wazi kwa kila mtu kama zamani. Ukimaliza, rejesha kwenye hifadhidata mpya iliyo tupu. Usirundike juu ya ile iliyorudi nusu.

Naandika kwa kirefu kwa sababu lilinikuta. Ofisi moja hapa mjini nilirejesha kwa --no-owner na --no-privileges, kwa kuwa nilitaka tu makosa yaishe kwenye skrini. Yaliisha. Kila jedwali likawa mali yangu, na asubuhi dada wa kaunta akawa anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, mfumo unamgomea, na foleni imefika mlangoni. Uso wake sijausahau. Njia ile inafaa ukiwa na mtumiaji mmoja. Mkiwa na mhasibu, karani na mkaguzi, kila mmoja apewe mali yake.

Nipo Bukoba. Kijana wetu amefuta jedwali la mauzo kwa DROP TABLE na CASCADE saa nne asubuhi. Nikibonyeza kurejesha kwa mtoa huduma, maingizo mengine ya mchana huu hayatafutika?

Pole sana, kaka. Hayatafutika, mradi usifanye haraka. Kwenye Amazon RDS, huduma ya Amazon ya kukodisha hifadhidata, kwa mfano, kurejesha hadi dakika fulani hakugusi hifadhidata inayofanya kazi. Kunazaa nyingine mpya, yenye anwani yake. Kwa watoa huduma wengine, soma kwanza maelezo yao kabla hujabonyeza. Chagua dakika moja kabla ya kosa, subiri iwake, kisha toa jedwali hilo kwa pg_dump -t mauzo uliingize kwenye ile hai. Ikigoma kuunganika, angalia kanuni za mtandao: usipotaja zako wakati wa kurejesha, hupewa za kawaida, na programu yako huenda isiruhusiwe kupita.

Ila hilo neno CASCADE ndilo linalonitia wasiwasi kuliko jedwali lenyewe. Liliondoka na vioo vya kutazamia data, yaani view, vilivyotegemea mauzo, pamoja na funguo za majedwali mengine zilizoelekea kwake. Kutoa jedwali moja kwa -t hakurudishi hivyo. Toa skima (hapa ni ramani ya majedwali bila data) ya pande zote mbili kwa pg_dump --schema-only, zilinganishe kwa diff, na kila mstari uliopo upande wa zamani na haupo upande hai uurudishe kwa mkono. Halafu angalia namba za risiti. Kama kihesabu kimebaki nyuma ya namba kubwa iliyomo, mauzo yanayofuata yatakataliwa kwa kujirudia:

SELECT setval('mauzo_id_seq', (SELECT max(id) FROM mauzo));

Jina la kihesabu chako linaweza kuwa tofauti, lithibitishe kwanza.

Mimi ni mwanafunzi Nyegezi. Tumefundishwa kuchukua bekapu ya etcd, hifadhidata inayotunza maelezo yote ya klasta, kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la mashine. Kwenye klasta inayosimamiwa na mtoa huduma, etcd siioni. Iko wapi?

Ipo, ila upande wake, na hupewi mlango. Yeye ndiye anayeitunza. Usichoke kujifunza ulichofundishwa, kwa sababu kwenye klasta utakayoijenga mwenyewe ndiyo roho ya kila kitu: etcd yenye wanachama watatu, yaani mashine tatu zinazoitunza, inahitaji wawili wawe hai, yenye watano inahitaji watatu. Ukirejesha, wote waanzie kwenye bekapu ile ile moja, na klasta inayotokea inapata utambulisho mpya ili wanachama wa zamani wasijichanganye nayo.

Kwenye ya kukodi, metadata unayoimudu ni maelezo ya vitu vyako: programu gani ziendeshwe, nakala ngapi, diski zipi. Yaweke kwenye git, chombo cha kutunza matoleo ya faili, na tumia chombo kama Velero kuvitoa vikiwa hai pamoja na picha za diski. Jambo moja nakuomba ulizingatie: siri za Kubernetes huandikwa kwa base64, mwandiko ambao yeyote anaweza kuufungua, na hilo si fumbo. Mwenye faili hilo ana paswedi zako. Usiliache kwenye flashi inayozunguka bwenini.

Tumerejesha mfumo wa shule hapa Musoma, kila kitu kipo, lakini ripoti iliyochukua sekunde tatu sasa inachukua dakika nzima.

Endesha ANALYZE kwenye hifadhidata hiyo. PostgreSQL huchagua njia ya kusoma data kwa kutumia takwimu zake za ndani, na kabla ya toleo la 18 pg_dump haikuzibeba kabisa. Baada ya kurejesha inakuwa kama dereva mgeni mjini.

Nipo Nansio, Ukerewe. Bekapu yetu ni gigabaiti 40 na intaneti hukatika. Nitaijaribuje?

Usiishushe. Ijaribu huko huko iliko: zaa hifadhidata ya muda kutoka kwenye bekapu, ikague, ifute baada ya saa moja au mbili ili bili isipande. Kinachofaa kushushwa ni skima na faili la watumiaji. Kwa mfumo wa ukubwa wenu hayo ni mambo ya kilobaiti, hata mtandao wa simu unatosha.

Kukagua si kuhesabu mistari ya majedwali pekee. Endesha hii pande zote mbili:

SELECT contype, count(*) FROM pg_constraint GROUP BY 1;

Idadi zikipishana, kuna kanuni imepotea njiani. Kisha ingia kama karani, kwa jina na paswedi ya karani, ujaribu kuandika risiti moja. Ukiingia kwa jina lako la usimamizi utaona kila kitu ni kizima wakati hakipo hivyo.

Usiahirishe jaribio hili. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunzia watu msimbo wa programu zao, alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya akiba. Walipokimbilia bekapu za pg_dump hazikuwepo: chombo kilikuwa cha toleo la 9.2, hifadhidata ni 9.6, kikawa kinashindwa kila siku, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa. Waliokolewa na picha ya diski iliyochukuliwa kama masaa sita kabla ya kosa, na data ya muda huo ilipotea. Hao ni watu ambao kazi yao ya kila siku ni hii.

Sengerema: mtoa huduma anatunza bekapu mwenyewe kila siku. Haitoshi?

Kwenye RDS, bekapu hizo za kiotomatiki hukaa siku 35 kwa wingi wake, na ukifuta hifadhidata yenyewe nazo huondoka, isipokuwa umechagua zibaki. Mkaguzi wa hesabu zenu atakuja baada ya mwaka. Kila mwisho wa mwezi toa pg_dump moja na faili la watumiaji, uviweke pamoja kwenye akaunti nyingine, vyote viwili vikiwa na tarehe ile ile kwenye jina.