Popo wa Pemba na bata: je, ni jamaa?

SWALI: Popo wa Pemba anaruka, na ana utando kama bata maskovi ninaowafuga. Ni ndege?

JIBU: Hapana, ni mnyama anayenyonyesha. Mtazame bawa: ngozi imetandwa juu ya vidole vinne virefu, kidole gumba kikabaki nje na ukucha wa kushikia tawi. Mabawa yakikunjuliwa hufikia kama mita 1.6. Utando wa bata uko miguuni, wa kuogelea. Kuruka kwa bata hutegemea manyoya. Ukimpunguza manyoya marefu ya bawa moja, haruki vizuri mpaka yaote mapya. Bawa la popo halikatwi kamwe, ni ngozi hai yenye damu. Tena popo huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, ilhali bata maskovi huatamia mayai kama kumi kwa siku 35 hivi. Tafadhali, msiwawinde popo hawa.