Kwa mhadhiri mpya mwenye mtoto mdogo

Umeajiriwa juzi kama mkufunzi msaidizi au mhadhiri msaidizi, na nyumbani kuna mtoto ambaye hata kijiko bado hajui kukishika. Hongera kwa yote mawili. Wakubwa wa idara watakuhimiza usome haraka, umalize uzamivu, uchapishe makala, upande cheo. Wana haki. Kuhusu mtoto hawatakuambia kitu, zaidi ya kukuuliza "mama hajambo?" kwenye korido kisha wakukabidhi kozi nyingine. Basi niseme mimi, niliyelea wawili huku nikipanda ngazi hizohizo katika chuo kikuu cha umma hapa Dar es Salaam, nikifanya utafiti wa nyasi za baharini.

Tuanze na sheria, maana ni fupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Baba anapata siku zisizopungua 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Jirani zetu Kenya wanampa baba wiki 2. Kwa siku 3 utawatoa mama na mtoto hospitali, utabadilisha mtungi wa gesi, utapokea wageni, zimekwisha. Usilalamike sana, kwa sababu siku hizo nyumba imejaa watu: bibi yupo, mashangazi wapo, supu inachemka mchana kutwa. Shida huanza siku ya 85. Bibi amerudi kwake, mama anatakiwa kazini, na mnabaki na dada wa kazi aliyekuja wiki iliyopita. Hapo ndipo uiweke likizo yako ya mwaka, ile ya siku 28, uiombe mapema kabla muhula haujaimeza. Sheria hiyohiyo inamruhusu mama kutumia hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kumnyonyesha mtoto. Kwa foleni zetu, saa mbili zinaishia barabarani. Lakini wewe ambaye huna kipindi mchana unaweza kumpeleka mtoto kwa mama yake kazini. Waliokuzidi mshahara mjini hawana nafasi hiyo.

Nafasi hiyo ina ubaya wake pia. Kazi yetu haina kengele. Hakuna anayekuuliza uko wapi saa nane mchana, majirani wa Changanyikeni wanadhani umeachishwa kazi, na nyumbani, kwa kuwa unaonekana una nafasi, kila shughuli ni yako: fundi bomba, mgeni wa stendi, hela ya LUKU. Ikifika saa tatu usiku ndipo unafungua kompyuta, umechoka, na sentensi unayoiandika, kesho yake utaifuta. Mimi nilitenganisha kazi kwa kigezo kimoja tu: je, inavumilia mtoto? Kujibu barua pepe, kupanga slaidi, kusahihisha majaribio mafupi, hizo zinavumilia. Kuandika makala hakuvumilii, kwa hiyo niliandikia ofisini asubuhi, mlango umefungwa, hadi saa nne, hata kama ni aya moja. Skripti za mtihani wa mwisho usizipeleke nyumbani kabisa. Uji ukimwagika juu ya jibu la mwanafunzi, hutakuwa na maelezo ya kumpa mkuu wa idara.

Halafu kuna utafiti wenyewe, ambao una ratiba isiyomjua mtu. Nyasi za baharini tunazipima wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, na katika pwani yetu hali hiyo hutokea mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kila baada ya wiki mbili hivi, mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Uzuri wake ni kwamba jedwali la maji la mwaka mzima linajulikana mapema. Nililibandika jikoni, pembeni ya friji. Siku za bamvua nikazizungushia wino mwekundu, za kliniki ya mtoto wino wa bluu. Zikigongana, mke wangu alikuwa ameshaziona wiki kadhaa kabla, si alfajiri ile nikiwa nimeshavaa viatu vya maji na fremu ya kupimia iko begani. Tulibishana, ndiyo, ila tulibishana mapema, na ubishi wa mapema una suluhu: dada yake anakuja, au mwanafunzi wangu wa uzamili anaongoza kikosi, nami nakwenda kliniki kumpimisha mtoto uzito. Wewe labda unangoja masika yaishe ndipo barabara ya Kilombero ipitike, au unangoja wanafunzi wa sekondari wafungue shule ndipo ugawe dodoso. Tarehe hizo ziandike mahali mwenzako anapoziona. Kalenda iliyo ndani ya simu yako ni siri yako.

Sasa nifike pale ninapotaka. Utasikia wenzetu wakisema utafiti umewanyima watoto wao. Siamini sana. Hesabu safari za mhadhiri wa kawaida kwa mwaka: za kukusanya data ni chache. Nyingine ni warsha Morogoro, kikao cha wadau Dodoma, mafunzo Bagamoyo, konsalti ya shirika fulani linalotaka ripoti kabla ya Ijumaa. Tunazifuata kwa sababu ya posho, na posho tunaitaka kwa sababu ya ada. Mshahara wa mkufunzi msaidizi na ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza ni vitu visivyosalimiana. Kwa hiyo baba anaondoka Jumatatu ili mtoto asome, anarudi Jumamosi mtoto amelala, na moyoni anajiona amelea. Ada ni malezi, sikatai. Ila konsalti haimaliziki kwenye ada. Ya kwanza imelipa mwaka mzima wa shule, vizuri sana, nenda, tena nenda na baraka za nyumbani. Ya pili na ya tatu ni za kiwanja cha Goba (nacho kiwanja cha Goba kina tabia ya kuzaa kiwanja cha Bunju). Na ripoti ya konsalti haibebi uzito wa makala iliyopitiwa na wanataaluma siku faili lako la kupanda cheo linapofunguliwa. Mtu anaweza kupoteza jioni za mtoto na cheo kwa safari ileile.

Uzamivu wa nje nitausema kwa kifupi. Ukipata nafasi ya kuchagua, na mtoto hajafika miaka miwili, chagua mpango wa kwenda na kurudi, ule ambao wengi wetu tuliupitia Sweden: miezi kadhaa kule, miezi kadhaa nyumbani kwenye data. Unachukua muda mrefu zaidi, lakini mtoto hakusahau sura. Panga saa ya simu ya video kwa saa ya mtoto, si yako. Kiangazi Sweden iko nyuma yetu kwa saa moja. Mwishoni mwa Oktoba wakirudisha saa zao, inakuwa nyuma kwa mbili, na ukipiga kwa mazoea utaambiwa ameshalala. Huko utaona pia profesa anayefunga kompyuta saa kumi jioni na kusema anakwenda kumchukua mtoto shule ya awali, bila kuomba radhi. Kwao wazazi wawili wana siku 480 za malipo kwa kila mtoto, na 90 kati ya hizo ni za kila mmoja peke yake. Asipozitumia baba, zinapotea. Na makala wanachapisha.

Lakini sheria nzuri pia hupindwa. Nchini Marekani vyuo vingi viliwaongezea wahadhiri waliopata mtoto, baba kwa mama, muda wa ziada kabla ya kuamuliwa kama watapewa ajira ya kudumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika American Economic Review uliangalia idara 50 bora za uchumi: baada ya utaratibu huo, wanaume waliopata ajira ya kudumu waliongezeka na wanawake wakapungua. Wanaume walichapisha zaidi kwenye majarida makubwa ndani ya ule muda. Mtoto wao alikuwa na nani? Sisi hatuna nyongeza hiyo, ila tuna likizo ya kati ya mihula, na naona idara nzima za akina baba wakiitumia vilevile, hali mama wa mtoto naye ana makala yake inayosubiri marekebisho.

Jambo la kufanya wiki hii: rasimu ya ratiba ya muhula ujao inaandaliwa sasa hivi. Usingoje ibandikwe. Mwandikie mratibu, mistari mitatu inatosha: asubuhi ni zamu yangu ya kumhudumia mtoto, naomba nisipangiwe kipindi cha saa moja asubuhi Jumanne na Alhamisi, niko tayari kufundisha jioni siku nyingine. Usisingizie kikao wala foleni. Sema mtoto. Akina mama wa idara yako wamekuwa wakisema hivyo kwa miaka, na kila wakisema kuna mtu anaguna kwamba hawako makini na kazi; barua ya baba ikikaa kwenye faili lilelile pamoja na zao, huyo mtu atapata shida kuguna.