Barua kwa Mwanangu: Neno Nililolisema Mbele ya Kamati

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimeisoma kwa sauti, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba yako alipotaka kulielewa jambo lililomtatiza. Unaeleza kwamba katika ripoti ya ukaguzi wa usalama inayosubiri saini yako Jumatatu, vipimo viwili vya shinikizo la matangi vimebadilishwa, na kwamba aliyevibadilisha ni mkuu wako, yuleyule aliyekufundisha kazi na kukupendekeza upandishwe cheo. Unaniuliza: ukitia saini na kunyamaza, nawe utakuwa na hatia? Umeuliza kama mtu anayetaka jibu la ndiyo au la, nami najua unavyochoka mama yako anapozunguka. Lakini mambo ya hatia wapo wanaoyajua kuniliko. Ninachokijua mimi ni namna ukimya unavyoendelea kukaa ndani ya mtu baada ya jambo lenyewe kusahauliwa na wote, na hilo ndilo nitakaloliandika.

Tangu mkiwa wadogo nimewaambia wewe na kaka yako kwamba saini ni kiapo. Nilikuwa nikilisema hata nilipotia saini ripoti zenu za shule, nikizisoma mstari kwa mstari huku mkinung'unika kwamba mtachelewa. Hamkuwahi kuniuliza nililitoa wapi neno hilo, na kusema kweli nilishukuru kwamba hamkuuliza.

Sisi sote tumezoea kusema kwamba niliacha kazi ya uhasibu, mwaka ule tuliohama nyumba, kwa sababu ya ugonjwa wa bibi yako. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Miezi saba kabla ya hapo, katika taasisi niliyokuwa nikifanya kazi, fedha zilionekana kupungua, na aliyeshukiwa alikuwa mtunza fedha, kijana mpole ambaye hakuwa ametimiza mwaka mmoja kazini. Kila jioni alihesabu fedha mara mbili na kuandika jumla kwa penseli kabla ya kuiandika kwa wino. Mimi nilikuwa nikitunza leja. Mapema zaidi, kabla kijana huyo hajaajiriwa, nilikuwa nimekuta hati moja ya malipo imeingizwa mara mbili, kwa namba ileile, katika miezi miwili tofauti, na mara zote mbili iliidhinishwa na mkuu wa idara. Niliiandika namba ile na tarehe zake katika daftari langu la bluu, lile ambalo mlikuwa mkikatazwa kulichorea. Nilikusudia kuuliza. Sikuuliza.

Kamati ya nidhamu ilipokaa, niliitwa kama shahidi, nikaulizwa swali moja tu: kabla ya kijana huyu kuajiriwa, uliwahi kuona kasoro yoyote katika vitabu? Mkuu wa idara alikuwa ameketi mwisho wa meza, akipekua karatasi zake, wala hakuniangalia. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wangu, na mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Nikasema, "Sikumbuki."

Neno lile moja lilitosha. Kama ningesema naam, wangelazimika kuuliza ni nani aliyekuwa akichota fedha kabla ya kijana yule kuingia mlangoni. Baada ya "sikumbuki" hawakuwa na la kuuliza. Aliachishwa kazi wiki ileile, na barua ya kumwachisha ilieleza sababu kwa namna ambayo hakuna mwajiri mwingine ambaye angeisoma na kumpa ufunguo wa sanduku la fedha.

Kwa miaka mingi nimejitetea. Nimejiambia kwamba sikusema uongo wa kumtia mtu hatiani, kwamba nilichosema ni kidogo mno kuitwa ushahidi. Kisha najijibu kwamba aliyekuwa anazama hakuhitaji nimsukume. Alihitaji mkono, nami nilikuwa nao. Najiambia tena kwamba nilikuwa na watoto wawili na mshahara mmoja, kwa kuwa baba yako alikuwa bado hajapata kazi baada ya ule upasuaji. Hilo pia ni kweli, na ninaliandika kwa shida, kwa sababu sitaki uanze kujihesabu wewe na kaka yako kuwa ndio bei ya ukimya wangu. Wengi walikuwa na watoto, na baadhi yao walisema.

Miaka sita baadaye nilikutana naye katika kituo cha basi. Amezeeka kabla ya wakati, lakini upole wake uleule. Akaniamkia, akauliza habari za watoto, kisha akasema, "Dada, sijapata kukushukuru. Siku ile kila mtu alinisema vibaya, isipokuwa wewe." Basi lake likafika, akapanda. Kama angenitukana ningelala usiku ule.

Labda ndiyo sababu nimefuatilia kwa karibu mno kesi ya watu wa posta wa Uingereza, ambayo kaka yako husema nimeigeuza kuwa tamthilia yangu ya jioni. Tangu mwaka 1999, wasimamizi wa matawi ya Post Office walianza kushtakiwa kwa wizi na udanganyifu wa hesabu, kwa kutegemea takwimu za programu ya kompyuta iliyoitwa Horizon. Mamia walitiwa hatiani. Wapo waliofungwa, wapo waliouza nyumba ili kulipa fedha ambazo hazikuwahi kupotea, na wengi wao, walipolalamika kwamba hesabu za mashine haziingii akilini, waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Ilihitaji kesi iliyofunguliwa na watu 555 ndipo Mahakama Kuu ikaamua, Desemba 2019, kwamba programu ile ilikuwa na kasoro zilizoweza kuonyesha upungufu usiokuwapo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta nyingine kwa mamia. Baadhi ya waliosafishwa majina walikuwa wamekwisha kufa.

Kinachonikosesha raha katika kisa hicho si kompyuta. Kompyuta haina aibu wala haiogopi kufukuzwa kazi. Ni kwamba wakati watu wanahukumiwa, walikuwapo wengine, wenye ofisi na mishahara, waliojua kwamba programu ina hitilafu, na taarifa zao hazikufika mbele ya hakimu. Siwafahamu, lakini nawaona kila mmoja ana daftari lake ndani ya mkoba.

Sasa nirudi kwenye ripoti yako, usije ukasema nimeisahau. Wewe ni mhandisi, kwa hiyo bila shaka ulifundishwa habari za Challenger, kile chombo cha Marekani cha kwenda anga za juu. Mimi nimekuja kuzijua uzeeni. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo kile, walipendekeza kisirushwe, kwa sababu baridi ilikuwa kali na pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hazikuwa zimethibitishwa kufanya kazi katika baridi ya namna hiyo. Wakuu wao walijadiliana pembeni, na mmoja akamwambia mwenzake avue kofia ya uhandisi na kuvaa kofia ya usimamizi. Pendekezo likageuzwa. Aliyekuwa akiwakilisha kampuni mahali pa kurushia, Allan McDonald, alitakiwa kutia saini kuidhinisha, akakataa. Ikabidi saini itolewe na mkubwa wake. Asubuhi yake chombo kilirushwa, kikasambaratika sekunde 73 baadaye, na watu wote saba waliokuwamo wakafa.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilisimama, nikatembea chumbani. Saini ni kiapo, nimekuwa nikisema, na huyu hapa mtu aliyelielewa neno hilo kuliko mimi niliyelibuni. Lakini nikajibishana nafsini: kukataa kwake kulizuia nini? Chombo kilirushwa vilevile. Kama unachotafuta ni hakikisho kwamba ukikataa Jumatatu matangi yale hayatatumika, siwezi kukupa, wala yeye hakupewa. Mtu mwingine anaweza kutia saini mahali pako kabla wino wako haujakauka.

Hata hivyo kisa hakikuishia pale, na sehemu inayofuata ndiyo inayoniuma kila ninapoirudia. Wiki chache baadaye, tume ya uchunguzi ilipokuwa ikisikiliza maelezo ambayo hayakutaja pingamizi la wahandisi, McDonald alijitokeza mwenyewe akawaambia kwamba kampuni yake ilikuwa imependekeza chombo kisirushwe. Hakuna aliyemwita kusema hilo. Mimi niliitwa, nikaulizwa, na jibu lilikuwa mapajani mwangu.

Alilipa gharama. Kazini alishushwa cheo, na ni baada ya wabunge wa Marekani kuingilia kati ndipo aliporudishiwa hadhi yake na kukabidhiwa kazi ya kusanifu upya maungio yaleyale. Mwenzake Roger Boisjoly, aliyekuwa ameonya kwa maandishi miezi sita kabla ya ajali, alitengwa na watu wa kazini mwake baada ya kutoa ushahidi, afya ikamwendea vibaya, akaiacha kampuni. Wawili walisema ukweli uleule mbele ya tume ileile, na hawakuvuna sawa. Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia watu wenye pensheni salama wakiwahimiza vijana wawe jasiri, kana kwamba ujasiri ni suala la tabia tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, uliopitishwa mwaka 2003, una kifungu cha 33 kinachohusu kuwalinda wanaotoa taarifa. Kisome. Utakuta kwamba hakisemi nchi zitawalinda. Kinasema kila nchi itafikiria kuweka hatua za kuwalinda. Itafikiria! Anayesimama mbele ya kamati hana muda wa kusubiri mtu amalize kufikiria. Jamii inayotaka watu wake waseme kweli, kisha ikawaacha peke yao siku wanaposema, inadai kitu ambacho yenyewe haikulipia.

Umeandika pia kwamba mkuu wako ni mtu mwema na kwamba kumtaja ni kumlipa ubaya kwa wema. Naamini ni mwema. Naamini pia kwamba huenda naye anasukumwa na mtu aliye juu yake, na kwamba anakesha kama wewe. Yote hayo anastahili kuyasema mwenyewe, mbele ya watu wenye wajibu wa kumsikiliza na kuyapima. Kumwajibisha mtu si kumchukia. Ni kumtendea kama mtu mzima anayeweza kueleza alichokifanya. Lakini tazama pia kwamba katika barua yako ndefu, ya kurasa nne, yeye umemtaja mara nyingi, kwa huruma nyingi, na wale watakaofanya kazi karibu na matangi yale hukuwataja hata mara moja. Sikulaumu. Mimi pia, siku ile, nilimwona mkuu wa idara waziwazi, mpaka vifungo vya koti lake, na yule kijana sikuweza kumtazama usoni. Aliye juu yetu huwa na sura. Atakayeumia mara nyingi hana, mpaka siku utakapokutana naye kituoni.

Najua sasa unataka niseme. Nimekwisha kuliandika jibu mara mbili na kulifuta mara mbili. Kazi ni yako, na kodi ya nyumba unalipa wewe, na mimi niliyejificha nyuma ya "sikumbuki" sina haki ya kukuamuru kufanya nilichoshindwa. Hilo ni upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba mimi ni mama yako, na mzazi anayeijua njia yenye shimo akanyamaza kwa sababu yeye mwenyewe alitumbukia humo hanyamazi kwa adabu. Ana woga tu, tena woga uleule wa zamani. Basi sikuamuru. Nasema tu kwamba saini ni kiapo, nawe hukuanza leo kulisikia kwangu.

Daftari la bluu lipo katika sanduku la chuma chini ya vyeti vya baba yako. Mwaka jana nililitoa, nikaandika maelezo ya kurasa mbili, yenye namba ya hati na tarehe zote mbili, nikayapeleka kwenye taasisi ile na nakala kwa yule kijana, ambaye sasa ana wajukuu. Taasisi haijanijibu. Yeye alinijibu kwa mistari michache. Barua hiyo sijamwonyesha mtu, hata kaka yako.

Nitakusomea. Nipigie simu kabla ya Jumatatu, hata iwe usiku wa manane, na uwe na vile vipimo vya awali mbele yako, vilivyoandikwa kwa mkono wako, pamoja na tarehe na saa.

Mama yako