Kabla ya Kuichomeka Redio ya Valvu Iliyoundwa Nyumbani

Kwa anayeanza kazi ya kufufua redio za valvu (zile taa za kioo zinazokuza umeme wa sauti) hapa Unguja, redio iliyoundwa na fundi nyumbani kwake ni ngumu kuliko ya kiwandani, kwa kuwa haina mchoro. Aliyeiunga hakuacha karatasi, na mara nyingi ameshatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo usikate waya hata mmoja kabla hujaipindua chasisi (bamba la chuma linaloshikilia vifaa), ukaipiga picha, kisha ukachora mwenyewe njia zote za umeme.

Anzia kwenye soketi za valvu. Soketi ya pini 8 huhesabiwa kuanzia kwenye mfuo wake, kwa mwelekeo wa saa, ukiitazama kwa chini. Ukikuta valvu ya 6V6, inayoisukuma spika, pini ya 2 na ya 7 ni za filamenti ya volti 6.3, ya 3 ni anodi, ya 5 ni gridi na ya 8 ni kathodi. Ukishazitambua hizo, sehemu iliyobaki huanza kusomeka. Pale mchoro wako unapotofautiana na wa vitabuni, usiharakie kumsahihisha aliyeiunga. Rizista mbili zilizofuatanishwa mahali pa moja huenda ndizo alizozipata siku hiyo, na hesabu yake ikawa sawasawa. Mimi huiheshimu kazi ya namna hiyo na huiacha ilivyo.

Hewa ya chumvi na unyevu wa masika havisamehe. Pini za soketi hushika kutu ya kijani, na transfoma ya umeme wa ukutani hunywa maji. Ikaushe, kisha upime kwa mita kama waya zake hazigusani na chuma cha chasisi. Hakikisha pia kwamba imetengenezwa kwa volti 230, si 110.

Kapasita (vihifadhi umeme) za elektroliti zilizokauka badilisha zote, ila ile ya kwanza baada ya valvu ya kurekebisha umeme (inayougeuza wa AC kuwa wa DC) usiizidishe ukubwa kupita ya asili, kwani mkupuo wa umeme wakati wa kuwasha huiumiza valvu hiyo. Washa kwa mara ya kwanza kupitia balbu ya waya ya wati 60 iliyofuatanishwa na redio: ikiwaka kwa nguvu na isififie, kuna shoti. Ndani mna volti 250 au zaidi, na kapasita hubaki na umeme hata plagi ikiwa imetolewa. Zimwage kwa rizista na upime kabla hujatia mkono.

Kapasita ya karatasi inayopeleka sauti kwenye gridi ya 6V6 ndiyo ninayoishuku kuliko zote. Ikivuja, pini ya 5, ambayo kwa kawaida husoma karibu na sifuri dhidi ya chasisi, itaonyesha volti chanya, na valvu itavuta umeme kupita kiasi. Ukiona hivyo, zima papo hapo, kwani kitakachoungua ni transfoma ya spika, na kifaa hicho ni adimu sana hapa kwetu.